Moshi wa Raimundi

Mume wangu Raimundi alifariki mwezi wa Julai mwaka 1953, wakati nusu ya Ifakara iko bondeni inavuna mpunga. Kichomi kilimshika Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Alikuwa fundi seremala, mtu mrefu mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alikuwa na kosa moja tu ambalo baba yangu, katekista wa kule Mahenge, hakumsamehe mpaka mwisho. Alipenda kupika moshi.

Siku hizi mnaita gongo. Sisi tuliita moshi, na serikali ilikuwa imeukataza kabisa. Aliyekamatwa nao alifungwa. Lakini Raimundi hakuuza hata tone. Alipika mara moja kila baada ya miaka miwili, mavuno yakiisha, kwenye matete ya shamba letu ng'ambo ya mto Lumemo. Msaidizi wake alikuwa dada yake Aurelia, yeye ndiye aliyechochea moto. Halafu aliuleta nyumbani kwetu Mlabani katika chupa kubwa za kioo zilizovikwa vikapu, zile ambazo wamisionari waliletewa divai, akazizika ndani ya kilindo chetu cha magome, katikati ya mpunga. Huko zilikaa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa.

"Moshi mpya unapiga kelele tu," alikuwa akisema. "Hauna mazungumzo."

Alipofariki ziliachwa chupa tatu. Ya kwanza aliipika mwaka 1947, mwaka tuliooana, kwa ndizi mbivu zilizoshushwa kutoka Mahenge. Ya pili ilikuwa ya 1949, mwaka wa njaa, nayo alibahatisha kwa pumba za mahindi na asali. Ya tatu, ya 1951, ilikuwa ya sukari guru ya miwa. Miaka hiyo aliiandika kwa penseli yake ya useremala juu ya vizibo vya mti alivyovichonga mwenyewe.

Krismasi na Pasaka zikikaribia, au akitarajia mgeni wa maana, alichukua kidogo kutoka kila chupa, akachanganya kwenye bilauri, akanusa, akaongeza, akanusa tena. Hakupima kwa kitu chochote. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nachambua mchele, nikijifanya simwoni. Sikuwahi kunywa. Si kwamba nilikuwa mtakatifu. Katika nyumba niliyokulia hata togwa iliyolala siku mbili ilimwagwa, na koo langu lilijifunza hivyo. Lakini Raimundi alipomaliza alikuja kukaa nami kizingitini, na hapo nilikuwa napata harufu yake. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, mbao iliyopigwa randa asubuhi, na nyuma yake kitu kama mkate unaotoka tanurini kwa masista. Nilikuwa namwambia, "Unanuka." Yeye alikuwa anacheka bila kutoa sauti, mabega tu yanatikisika.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Aurelia alikuja kuzidai zile chupa.

"Ni za kaka yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekaa na moshi machoni. Wewe hata kuonja hujaonja."

"Ziko kwenye mpunga wangu," nikamjibu. "Atakayezitoa anitoe mimi kwanza."

Yalikuwa maneno mabaya ya watu wawili wenye msiba mmoja. Baada ya hapo tulikaa karibu mwaka mzima hatusemeshani. Tulikutana kanisani, yeye upande wake, mimi upande wangu, na mlangoni wakati wa kutoka kila mmoja aliangalia kiatu chake.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, dereva wa lori la kutoka Mahenge aliniletea salamu za baba mdogo Teofili, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba mkwe kufa. Wangekuja watu kumi kwa ajili ya misa ya mwaka. Na dereva akaongeza, akirudia maneno kama alivyoagizwa: "Mzee anasema siku hiyo wataomba waonje kidogo kile kinywaji cha Raimundi, wamuage vizuri. Halafu watazungumza habari zako."

Habari zangu nilizijua. Mjane wa miaka ishirini na minane, bila mtoto, katika nyumba ya ukoo. Wangenirudisha kwa baba yangu, au wangenitafutia ndugu wa marehemu wa kunichukua. Lakini jambo lililonikosesha raha halikuwa hilo. Kilichonisumbua ni kwamba hakukuwa na kinywaji cha Raimundi. Kulikuwa na chupa tatu, na hakuna moja kati yake iliyokuwa chenyewe. Chenyewe alikuwa anakitengeneza kwa mkono wake, na mkono huo tulikuwa tumeuzika.

Nilijifunga khanga, nikatembea mpaka Lipangalala kwa Aurelia. Nilimkuta anatwanga. Hakuacha kutwanga.

"Wifi," nikasema, "unakumbuka ladha yake?"

Mchi ulisimama hewani.

"Nakumbuka," alisema.

"Basi njoo tuitafute. Baba mdogo anakuja Julai."

Alikuja alasiri ileile, na kijiko chake mkononi kana kwamba kwangu hakuna vijiko.

Tulizichimba chupa kutoka kwenye mpunga, tukazipanga juu ya mkeka. Ya 1947 ilibaki robo tu. Nashangaa mpaka leo jinsi ilivyokuwa imepungua bila mtu kuifungua, kama vile nyumba ilikuwa inainywa polepole. Tulipong'oa kizibo chake chumba kizima kilijaa ndizi. Ya njaa ilikuwa kali, inachoma pua, lakini chini kabisa ilikuwa na asali. Ya 1951 ilikuwa bado changa, tamu kwa juu na tupu ndani.

Aurelia alichanganya kijiko kimoja cha kila chupa. Alionja, akafumba macho.

"Ndiyo," alisema.

Nilichukua bilauri nikanusa. "Siyo."

"Wewe umeonja lini ukajua?"

"Wewe ulikunywa naye, wifi. Mimi nilikaa ubavuni kwake miaka sita namnusa. Siyo."

Alitaka kukasirika, nikaona. Lakini alirudisha bilauri puani, akavuta pumzi. "Asali imezidi," akasema hatimaye.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili baada ya misa, watu wakiwa wamelala kwa ajili ya joto, sisi tulifunga mlango wa mbele tukakaa uani nyuma ya ukuta wa matete. Yeye alikuwa ulimi, mimi pua. Niliandika nyuma ya daftari langu la katekisimu: vijiko viwili vya ndizi, kimoja cha njaa, vinne vya miwa. Siyo. Vijiko vitatu, nusu, vitano. Siyo. Siku moja Aurelia alipitiwa, akamimina kikombe kizima cha 1947 mahali pa kijiko. Nililia kama vile amemwaga maji ya kisima cha mwisho duniani. Yeye naye akalia, akiniomba radhi, na tulipomaliza kulia tuligundua kwamba tumekaa tumeshikana mikono. Hatukusema lolote juu ya hilo. Tuliosha bilauri tukaendelea.

Tulijifunza mambo. Mchanganyiko wa leo si wa kesho. Ukiuacha ulale siku mbili tatu, zile harufu zinazogombana zinapatana, au moja inaishinda nyingine kabisa. Maji kidogo ya mvua yanafungua harufu iliyojificha. Ya njaa, ambayo tuliidharau, ndiyo iliyoshika zote pamoja. Ukiitoa, ndizi na miwa zinaachana kila moja na njia yake. Aurelia alisema, "Kumbe mwaka ule ulikuwa na faida." Mwaka ule alikuwa amemzika mtoto wake. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama ndani ya bilauri.

Jumapili ya tano au ya sita, mtu alibisha hodi mlango wa nyuma, na kabla hatujaitika akawa ameingia. Alikuwa Wendelin, tarishi wa jumbe, na kofia yake ya kazi kichwani. Mtu huyu kazi yake, pamoja na nyingine, ilikuwa kuwatafuta wapika moshi. Aurelia alitupa upande wa khanga juu ya chupa. Harufu haifunikwi na khanga.

"Shemeji," Wendelin aliniambia. Alikuwa rafiki wa Raimundi tangu ujana wao, na mara nyingi alikaa uani palepale. "Njia nzima inanuka. Nimekuja kuwaambia mfunge na mlango huu pia."

"Karibu ukae," nikasema.

Alivua kofia, akaiweka chini kifudifudi. "Sasa siko kazini," alisema, na akanyoosha mkono. Aurelia alimpa bilauri. Alikunywa kidogo, akatikisa kichwa.

"Mnamtafuta Raimundi?"

"Tunamtafuta."

"Huu umelala kwenye kioo tu. Ule wake ulikuwa umepita kwenye mti." Alituangalia mmoja mmoja, akaona hatujui. "Kile kipipa chake je? Kile walichokuwa wanakalia wateja karakanani?"

Mimi nilikijua kile kipipa kama kiti. Kilikuwa cha mninga, kimo cha goti, na pete mbili za chuma. Raimundi alikitengeneza mwenyewe na kila mteja aliyekuja kuagiza mlango au jeneza alikalia hicho. Kumbe ndani yake, wiki mbili tatu kabla ya sikukuu, alikuwa analaza mchanganyiko wake, na watu wanaukalia bila kujua. Wendelin alipotueleza hivyo Aurelia alianza kucheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka Wendelin akatuomba tupunguze sauti kwa sababu ya majirani.

Tulikikuta karakanani chini ya maranda, mbao zake zimekauka na kuachana kiasi cha kupitisha kidole. Nilidhani kimekufa. Wendelin akasema tukitumbukize kwenye maji. Tulikipeleka Lumemo tukakifunga kwa kamba kwenye mzizi, kikalala mtoni siku nne. Kila asubuhi nilikwenda kukiangalia kana kwamba nina mgonjwa. Siku ya tano mbao zilikuwa zimevimba na kushikana, hakivuji hata tone.

Tuliingiza mchanganyiko wetu mzuri kuliko yote: sehemu moja ya ndizi, moja ya njaa, tatu za miwa, na maji kidogo ya mvua. Tukaziba. Tukakirudisha pale pale karakanani, na wiki tatu hatukukigusa. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote, kutogusa. Aurelia alikuwa anakuja tu kukaa juu yake, anaongea na mimi habari za shamba, za ndege wanaokula mpunga, za utoto wao kule Mahenge. Jinsi Raimundi alivyokuwa anaogopa bata. Miaka sita nimeishi na mtu huyu na sikujua kwamba anaogopa bata.

Siku tatu kabla ya misa tulifungua. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Aurelia alionja, na machozi yakamtoka hapohapo.

"Ndiye," alisema. "Wifi, ndiye kabisa."

Nilichukua bilauri. Ndizi ilikuwepo. Mbao ilikuwepo. Mkate wa masista ulikuwepo, nyuma, mahali pake. Nilivuta tena. Kila kitu kilikuwepo, na bado haikuwa harufu ile ya kizingitini. Nilisimama pale na bilauri yangu, nikaelewa taratibu kwamba kilichobaki hakimo katika chupa yoyote. Kilikuwa jasho lake, tumbaku yake, shati lake lililokaushwa juani. Hakuna kijiko cha hayo.

"Siyo?" Aurelia aliuliza. Sauti yake ilikuwa inaogopa.

"Karibu sana," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Alielewa. "Basi tuache hapo," alisema. "Tukizidi tutaharibu."

Ndugu wa Mahenge walivuka pantoni la Kivukoni Ijumaa jioni, wamejaa juu ya lori, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Baada ya misa, Jumamosi, tuliwapa wali na kambale, na walipokwisha kula nilimwekea baba mdogo Teofili bilauri mbele yake. Nilipiga goti, nikarudi nyuma. Mzee alikuwa na mikono mikubwa inayotetemeka kidogo. Alinusa kwanza, na hilo lilinipendeza. Halafu alikunywa, akaweka bilauri chini, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Ndiye huyu," alisema. "Raimundi yupo."

Uani palikuwa na kilio na kicheko kwa pamoja. Bilauri ilizunguka. Mmoja alisimulia jinsi Raimundi alivyotengeneza mlango wa kanisa ukawa mpana kuliko ukuta. Mwingine aliimba wimbo wa kilugha ambao marehemu alipenda kuuharibu. Aurelia alikuwa upande wa pili wa uani, ameshika chungu cha wali. Macho yetu yalikutana juu ya vichwa vya watu. Sisi wawili peke yetu ndio tuliojua kwamba ni karibu tu.

Jioni Teofili aliniita. "Mwanangu Balbina," alianza, "mwaka umekwisha. Ukoo umefikiri juu yako..."

"Baba mdogo," Aurelia alimkatiza, jambo ambalo mwanamke hakuwa analifanya mbele ya mzee yule. "Shikamoo kwanza, na unisamehe. Wifi yangu haendi popote. Nitahamia hapa nikae naye. Tuna kazi."

"Kazi gani?"

Aurelia aliangalia bilauri tupu mkononi mwa mzee. Teofili naye aliiangalia. Nadhani ndipo alipofahamu kwamba Raimundi hakuwa ameacha chupa iliyochanganywa tayari, kwamba kuna watu waliochanganya. Aliiweka bilauri chini polepole. Kisha alisema, "Pasaka mtanitumia chupa moja kwa dereva," na habari zangu zikaishia hapo.

Aurelia alihamia mwezi wa Agosti na kuku wake wanne. Mwaka huo tulipika wenyewe kule ng'ambo ya Lumemo, yeye motoni, mimi nikiangalia njia. Kila tulipotoa kidogo katika chupa za zamani tulijazia kutoka kwenye zile mpya, ili za zamani zisiishe. Ndizi za 1954 ziliingia katika ndizi za 1947. Aurelia alisema ni kama kuweka mtoto alale na bibi yake, atachukua tabia. Nilizidi kuwa mwepesi wa pua. Nilianza kuacha daftari. Mkono wangu ulijua. Wendelin alikuwa anapita Jumapili, anavua kofia yake anaiweka kifudifudi, na anatuambia kama moshi umekua au bado. Alikuwa mjane vilevile, na watu walianza kunong'ona juu yangu na yeye, lakini hakukuwa na kitu zaidi ya urafiki. Na urafiki ulitosha.

Hiyo ndiyo miaka ninayoitamani nikikaa peke yangu. Si miaka ya ndoa yangu, Mungu anisamehe; ile ilikuwa mizuri lakini nilikuwa mdogo na sikuwa naangalia vizuri. Ni miaka ile mitatu ya wanawake wawili uani, mvua inanyesha kwenye mapaa ya nyasi ya Mlabani, na sisi tunabishana juu ya nusu kijiko.

Mwaka 1957 Aurelia aliposwa na Kelestini, mkulima wa Masagati, mtu mpole aliyefiwa na mkewe. Nilimtania kwamba anakwenda mwisho wa dunia, maana Masagati wakati ule ulikwenda siku nyingi kwa miguu na mtumbwi. Nilimfungia chupa moja katika majani makavu ya mgomba. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaondoka, na nyumba ikawa na mwangwi.

Alirudi kunitembelea mara moja, mwaka 1959, baada ya mavuno. Alikuwa amenenepa, na mgongoni alikuwa na mtoto wa kike aliyemwita Natalia. Nilimwekea kiti uani, nikamtolea bilauri kutoka kwenye kipipa. Alinusa, akafumba macho, akatabasamu kama msichana.

"Kaka huyu," alisema. "Miaka sita, na bado umemshika vilevile. Nusa, wifi."

Nilichukua bilauri nikanusa. Ilikuwa harufu yetu, ninayoijua kuliko harufu nyingine yoyote duniani. Nilijaribu kwenda nyuma yake, kwenye kizingiti, kwenye ile harufu nyingine ambayo siku ile karakanani nilijua kabisa kwamba siyo hii. Sikuiona. Nilijaribu tena. Kila nilipomtafuta Raimundi, alikuja ananuka mchanganyiko wangu mwenyewe.

"Siyo?" Aurelia aliuliza, kama zamani.

"Ndiye," nikasema.

Alifurahi sana. Nilimpokea mtoto mgongoni, mzito na mwenye usingizi, nikakaa naye mapajani. Aurelia akaanza kunisimulia habari za Masagati: nyani wanaoiba mahindi, na mumewe ambaye hajui kabisa kuwasha moto.